Banzi la Kiwiko cha Nimo

Garissa
Jumatano, 21 Februari 2024

Kwa Shemeji Tiya,

Mkono wa Nimo umebakiza digrii tano tu kunyooka kabisa. Amesema hivyo Abdiqani, mtaalamu wa viungo, leo saa tatu asubuhi nilipopita kliniki, akanionyesha na faili. Kabla ya upasuaji wa Novemba kiwiko kilikuwa kimejikunja digrii themanini. Juzi Jumatatu alipompima, tano. Anasema katika watoto kumi na wanne walioungua na kupasuliwa katika kambi ile ya madaktari, wetu ndiye aliyepona vizuri kuliko wote.

Sasa salamu. Assalaam aleikum. Natumaini basi liliwafikisha Tarbaj salama na mtoto mchanga homa imemwacha. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama Nimo anakula.

Jambo la pili ni lile banzi mliloliacha ili mikanda ibadilishwe. Mikanda mipya imeshashonwa na Abdiqani amenikabidhi. Maagizo ni yale yale: Nimo alivae kila usiku na kila anapolala mchana, mwaka mzima, kwa sababu ngozi iliyotolewa pajani ikapandikizwa kiwikoni hujivuta na kuukunja mkono upya mtoto anapokua. Kwa maneno yake: "Daktari wa upasuaji alifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine inafanywa na hili gamba la plastiki." Ameniambia pia lisikae juani.

Nalileta mwenyewe keshokutwa. Bare wa ofisi ya mifugo anakuja huko kwa gari la kazi, nami nimepewa ruhusa mahakamani hadi Jumatatu.

Shemeji yako,
Daud


Tarbaj
Jumamosi, 2 Machi 2024

Shemeji Daud,

Assalaam aleikum warahmatullah. Umeamkaje, umeshindaje, na joto la Garissa limekubakiza? Mama mkwe hajambo miguu? Sisi wazima, alhamdulillah. Mtoto mchanga amepona. Ngamia wako mbali, Baba Nimo yuko nao.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya wewe mwenyewe kufika. Gelle, konda wa basi, anasema ilikuwa chini ya kiti chake. Nimecheka sana. Umeandika kama karani anayemsomea hakimu, habari mbele, salamu nyuma. Huko mahakamani watu hawaamkiani?

Nina swali moja. Banzi lilipobaki kwenu lilikuwa limenyooka kama rula. Lililorudi lina mkunjo pale kiwikoni. Nimelilaza mezani, katikati limeinuka, kiganja changu kinapita chini yake. Nimo analipenda hivi, anasema siku hizi haliumi. Labda ndivyo Abdiqani anavyotaka sasa, kwa kuwa mkono umepona? Muulize kisha uniandikie. Ningepiga simu, lakini mlingoti wa simu bado haufanyi kazi, na mtu akitafuta mtandao kule kilimani nusu ya Tarbaj husikiliza anayoyasema.

Kwa sasa namvalisha kila usiku. Kalenda ya duka la dawa iko ukutani, kila asubuhi napiga alama.

Shemeji yako,
Tiya, Mama Nimo


Garissa
Alhamisi, 7 Machi 2024

Kwa Shemeji Tiya,

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Umetaka salamu zitangulie, basi hizi hapa. Hujambo wewe, hawajambo watoto, hajambo kaka yangu na ngamia wake? Mbuzi wamepata majani? Yule jirani yenu mzee Kerrow macho yanaendeleaje? Mama miguu inamsumbua jioni tu. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, kesi za mashamba ya kando ya mto zimerudi.

Kuhusu banzi, ndivyo lilivyo sasa. Endelea kumvalisha hivyo hivyo na ukaze mikanda vizuri.

Ramadhani inakaribia. Mungu atufikishe.

Shemeji yako,
Daud


Tarbaj
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Shemeji Daud,

Assalaam aleikum. Miezi imepita bila barua kati yetu, ila nakusikia kwa wasafiri kwamba hujambo. Mama mkwe je? Sisi wazima wa mwili.

Mkono wa Nimo unarudi ulikotoka.

Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Mwezi wa sita aliacha kufikia kamba ya nguo. Mwezi wa saba mwalimu wa chuo cha Kurani aliniambia, "Mama Nimo, binti yako anaandika ubao ameukumbatia kama mtoto." Sasa ukimwambia anyooshe, ile ngozi ya kiwikoni inakaza na kuwa nyeupe, na mkono unasimama njiani. Namkanda kwa mafuta ya simsim asubuhi na jioni. Nampa dumu la lita tatu alishike ili mkono uvutwe, kama tulivyofundishwa. Banzi analivaa, hajakosa.

Siku ya kliniki ya mwezi wa tano hatukufika. Unajua mafuriko yalivyokata barabara. Baadaye Baba Nimo akasema mtoto anaonekana mzima, za nini gharama za safari. Nilimsikiliza, na hilo ni kosa langu.

Nitafutie siku kwa Abdiqani, tafadhali.

Shemeji yako,
Tiya


Garissa
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Kwa Shemeji Tiya,

Wa aleikum salaam. Pole kwa habari ya Nimo. Mama hajambo, nami sijambo.

Abdiqani atawaona Jumatatu tarehe 7 Oktoba, saa tatu asubuhi. Fikieni kwa Mama siku moja kabla. Nitawapeleka mwenyewe.

Shemeji yako,
Daud


Tarbaj
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Shemeji Daud,

Assalaam aleikum. Tulifika salama, na asante kwa tuktuk na kwa chakula cha njiani. Natumaini umerudi kazini na mwili una nguvu.

Tangu siku ile sijapata mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo nakuandikia wewe uliyekuwepo.

Ulisikia mwenyewe. Abdiqani alimpima Nimo akasema digrii arobaini na tano. Akaniuliza, "Mama, banzi liko wapi?" Nikamwambia lipo mfukoni. Nikatoa nguo, nikatoa maziwa ya unga, nikaumimina mfuko mzima juu ya kitanda chake, nguo za ndani za mtoto zikaonekana mbele ya watu. Halikuwemo. Akaniuliza, "Mara ya mwisho ulimvalisha lini?" Nikasema jana usiku. Akatazama mfuko mtupu, akaandika. Wewe ulikuwa mlangoni unasoma tangazo la chanjo. Nilimwomba anisomee alichoandika, akanisomea: mzazi hakufuata maelekezo.

Daud, naapa nililitia kwenye mfuko mweusi asubuhi ile ile, chini ya gauni la kijani. Nyumbani nimetafuta kila pahali. Sasa naanza kujishuku akili.

Kambi ya upasuaji itarudi Januari. Nafasi ni kumi na mbili, orodha inafungwa tarehe 30 Novemba, na Abdiqani alisema wanaanza na watoto ambao nyumbani kuna wa kuwaangalia. Kwenye orodha Nimo ni wa ishirini na moja. Akikosa Januari, kambi nyingine haijulikani.

Kuna la pili, na hili hulijui. Mama mkwe ameshamwambia Baba Nimo kwamba mtoto atoke kwangu. Alisema mbele ya majirani, "Nilimwambia mwanangu, hawa wa kwao wanajua kukamua, kulea mgonjwa hawajui." Miaka tisa nimeolewa kwenu na bado mimi ni wa kwao. Anakuja kumchukua Nimo Jumamosi tarehe 30 Novemba, aishi naye Garissa. Baba Nimo hakusema ndiyo wala hapana. Anakunywa chai na kutazama chini.

Niambie la kufanya. Wewe wanakusikiliza.

Shemeji yako,
Tiya


Tarbaj
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Shemeji Daud,

Assalaam aleikum. Uko mzima? Gelle anasema alikupa barua yangu mkononi na hukumpa ya kurudisha. Kama u mgonjwa, Mungu akuponye.

Nimekaa nikahesabu. Kutoka siku uliyoleta banzi hadi siku ya kliniki ni usiku mia mbili ishirini na saba. Kwenye kalenda alama zimekosekana tatu, zote za Ramadhani. Nilikuwa nimechoka, tukala daku, nikalala bila kumvalisha. Sikumwambia Abdiqani kuhusu hizo tatu. Kwa hiyo aliyoandika yana ukweli. Ukimwona mwambie.

Labda mama mkwe naye ana haki. Nimeanza kukunja nguo za Nimo.

Shemeji yako,
Tiya


Garissa
Jumanne, 5 Novemba 2024

Kwa Shemeji Tiya,

Banzi la Nimo liko kwangu. Liko juu ya kabati, limefungwa kwa gazeti. Nililitoa mimi kwenye mfuko wako mweusi asubuhi ya tarehe 7 Oktoba, chini ya gauni la kijani, pale pale ulipoliweka.

Assalaam aleikum. Sikuulizi habari zako, nimezisoma.

Nitaandika yalivyotokea, na yote niliyaona au niliyafanya mwenyewe.

Ijumaa tarehe 23 Februari tulitoka Garissa alfajiri. Bare aliniambia, "Weka hilo dude lako hapo mbele, nyuma kuna dawa za mifugo zitaliangukia." Nikaliweka kwenye dashibodi. Abdiqani alikuwa ameniambia lisikae juani, na nilikuwa nimekuandikia wewe maneno hayo siku mbili kabla. Sikufikiri kwamba mbele ya gari ni juani. Wajir tukasimama kwa swala, kisha tukala. Gari lilikaa vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, tangu saa sita mchana hadi saa tisa kasorobo. Tuliporudi plastiki ilikuwa imelainika na kuning'inia ukingoni kama chapati laini ya anjera. Bare alicheka. "Daktari wenu amewauzia kifungua kinywa," akasema. Nami nilicheka.

Nilimwomba mwenye hoteli karai na maji ya moto. Nililitumbukiza, likalainika lote, nikalivalia mkononi mwangu na kunyoosha hadi lilipokuwa gumu. Lakini gamba lilipimwa kwa mkono wa mtoto wa miaka saba, kwangu halikuenea, nikawa nalibana palipobanika. Nilipolivua nikaona lina mkunjo. Nilijua pale pale, Wajir, kabla hatujawasha gari.

Ningeweza kulirudisha Garissa. Ningeweza kukuambia mlangoni pako. Ulinipokea kwa maziwa, na Rage, Baba Nimo, akaniita daktari mbele ya wageni, wakacheka, nikaona raha. Nikakupa banzi.

Barua yako ya Machi ilikuwa na swali moja. Kutoka mezani pangu hadi kwa Abdiqani ni mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Nilikuandikia "ndivyo lilivyo sasa". Ukiitazama barua hiyo utaona sikusema kwamba Abdiqani amesema. Niliyapanga maneno hivyo makusudi, nijiambie kwamba sijadanganya. Kazini kwangu naandika maneno ya watu walioapa, najua mtu anapokwepa swali anavyosema. Nilikudanganya.

Mafuriko yalipokata barabara mwezi wa tano nilishukuru.

Septemba, Abdiqani aliniambia wazi mje na banzi. Sikuliandika hilo, nikitumaini utaliacha. Asubuhi ile nilipobeba mfuko wako kuuingiza kwenye tuktuk, zipu ilikuwa wazi nikaliona. Nilisema nimesahau funguo. Nilirudi ndani kwa Mama, nikaliacha nyuma ya mapipa ya maji, jioni nikalichukua. Tangazo la chanjo nililisoma mara nne, hata sasa naweza kukuambia tarehe zake.

Abdiqani husema ngozi ya kupandikizwa inaweza kujivuta hata kwa mtoto aliyevaa banzi zuri kila usiku. Ni kweli, na nimejificha ndani ya maneno hayo tangu Septemba. Lakini wewe hukumvalisha banzi zuri. Ulimvalisha lililokunjwa na mimi, na ulimvalisha bila kukosa. Usiku zile tatu za Ramadhani, kama ulifanya chochote, ulimpumzisha.

Sikuandika wiki mbili hizi kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naanza na salamu, na salamu zinakuwa ndefu.

Zikunjue nguo za Nimo ulizokunja, nakuomba. Samahani sijaiomba bado, kwa kuwa hakuna nilichorekebisha. Niambie unataka nianzie wapi.

Daud


Tarbaj
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Daud,

Wa aleikum salaam. Hatujambo.

Barua yako niliisoma mara mbili zizini, ya pili kwa sauti, mbuzi tu ndio waliosikia. Kisha nikaenda kukamua, kwa sababu ilikuwa saa ya kukamua.

Usiandike kwangu tena kueleza ulivyojisikia. Umeniuliza uanzie wapi, nakujibu.

Nenda kwa mama yako. Rage atakuwa Garissa na lori la mbuzi wa mnada kuanzia Jumatano. Waambie wote wawili wakiwa chumba kimoja, na mimi nisiwepo, wasije wakasema nimekulazimisha. Mlete Bare aseme alichokiona. Usimwambie mama yako peke yake kwanza. Nakujua, utamwambia jikoni kwa sauti ndogo na yatabaki jikoni.

Halafu nenda kliniki na hilo banzi. Mwambie Abdiqani, uandike, utie sahihi. Neno lililo kwenye faili la mwanangu lifutwe kabla ya orodha kufungwa. Wewe ndiye karani. Kwa miezi minane umekuwa ukijua maandishi yanavyomkaa mtu.

Banzi lenyewe usiliniletee. Sitaki kulishika.

Ninafikiri jambo moja tu siku hizi, nalo halina dawa. Nimo alikuwa akilia kidogo, miezi ile ya mwanzo, banzi likiwa limenyooka. Baadaye akaacha kulia, nikadhani amezoea, nikamsifu. Kliniki walisema kaza. Wewe uliandika kaza. Nilikaza, Daud. Kwa mikono yangu hii, kila usiku, nikisema bismillahi.

Mama Nimo


Garissa
Alhamisi, 28 Novemba 2024

Kwa Mama Nimo,

Nimo ameingia kwenye orodha, nafasi ya tisa. Amenithibitishia Abdiqani leo asubuhi.

Assalaam aleikum. Natumaini wewe na watoto mko salama.

Ijumaa tarehe 22, baada ya swala, nilikaa na Mama na Rage sebuleni kwa Mama. Bare alikuja. Nilisema yote kwa mfuatano ule niliokuandikia, pamoja na funguo na mapipa ya maji. Bare akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aweke mbele." Mama akamkata: "Wewe ulimwambia aweke. Ulimwambia na anyamaze?"

Rage aliuliza swali moja, ni kwa nini sikusema siku ile ile. Nikamwambia sikutaka kuonekana mjinga mbele ya wageni wake. Akasema, "Ungesema, ningekucheka hadi jioni, na asubuhi lori langu lingelirudisha Garissa." Akavaa viatu akaondoka, chai yake ikabaki. Hajanisemesha hadi leo. Nasikia amekwisha kufika Tarbaj, kwa hiyo unaijua hali yake kuliko mimi.

Mama akasema haji tarehe 30. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Nilimtukana mama wa mtoto mbele ya majirani. Majirani hao hao nitawaita, na mimi ndiye nitakayesema." Amewaita Jumapili. Aliniambia pia niondoke mbele yake.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Abdiqani alilitoa banzi kwenye gazeti, akalilaza mezani, akaweka kipima pembe chake juu yake. "Banzi thelathini na tano," akasema. Akafungua faili. "Mkono arobaini na tano." Akapima mara ya pili. Akasema digrii kumi zile huenda ngozi ingejivuta hata kwa banzi zuri, hawezi kujua, ila mkono umelifuata banzi. Baadaye akaniambia, "Daud, yule mama nilimwandika mimi. Alimwaga mfuko wake mbele yangu nami nikaandika." Amepiga mstari juu ya neno lile, akaandika kando yake sababu, tarehe na jina langu. Taarifa yangu ya kurasa mbili imebanwa nyuma yake. Nimeomba nakala nimeiweka humu.

Amenitaka nikueleze jambo hili bila kulipamba. Upasuaji wa pili juu ya ngozi iliyokwisha kupasuliwa ni mgumu kuliko wa kwanza. Watachukua ngozi paja la pili. Anategemea kumrudisha kwenye digrii kumi na tano, labda kumi. Tano hakuahidi.

Nakuomba samahani wewe, Tiya.

Daud


Tarbaj
Jumamosi, 7 Desemba 2024

Daud,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Mama mkwe alinipigia simu Jumatatu. Mtandao umerudi, na nilikuwa sokoni, kila mtu akasikia, na safari hii sikujali. Aliyoyasema ni yake na yangu.

Samahani yako nimeisoma. Sijaijibu, na usinihimize.

Nakala ya faili nimeipokea. Nimeikunja nimeitia kwenye Msahafu.

Nimo nimemweleza. Nilifikiri nisimwambie, lakini ana miaka minane sasa na ndiye mwenye mkono. Nilimwambia banzi lilipata joto garini likakunjika, na mtu mzima aliyejua hakusema. Akauliza nani. Nikamwambia. Halafu akaniambia jambo ambalo mimi mamake sikuwa nalijua. Tangu tuliporudi kutoka kliniki amekuwa akijifunga kitambaa mkononi kila tukizima taa, akikivuta kwa meno. Alidhani alikuwa akilivua banzi usingizini, ndiyo maana mkono umekunjika. Sasa banzi halipo, alikuwa akiuzuia mkono usizidi kujikunja. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Wewe ulikuwa umeshagombezwa."

Nakuandikia hili kwa kuwa taarifa yako ina kurasa mbili na hili halimo.

Mpango ni huu. Tunafika Garissa Jumamosi tarehe 11 Januari. Tutakaa kwa binamu yangu Huka, karibu na kliniki, wiki sita. Mama mkwe anajua na amekubali, atakuwa anakuja na chakula. Kulazwa ni Jumatatu tarehe 13 saa nane mchana. Upasuaji ni Jumanne tarehe 14 saa moja asubuhi. Siku hizo mbili usije. Rage atakuwepo.

Banzi jipya litatengenezwa Jumatatu tarehe 27 Januari, saa nne asubuhi, juu ya mkono wake mwenyewe. Siku hiyo njoo. Nimo anataka kukuuliza swali. Nilimwambia nitakuandikia ujiandae, akakataa, anasema atakuuliza mwenyewe na wewe umjibu pale pale.

Saa nne. Usichelewe.

Mama Nimo